UZI: Umeshtakiwa Uingereza, unaulizwa "hapa kwa mahakimu au juri Crown Court?" Namna ya kuamua

#1 Mzizima_Sheria

Wakuu, habari za humu.

Swali hili linarudi kila mara kwenye magrupu ya ndugu walioko Uingereza, na majibu mengi ni ya kubahatisha. Tuliweke sawa hapa. Mtu ameshtakiwa, siku ya kwanza mahakamani anaulizwa kama anakubali kesi isikilizwe hapo hapo kwa mahakimu au anataka juri (raia 12 wanaoamua hatia) kwenye Crown Court, mahakama iliyo juu ya mahakimu. Jibu linatakiwa ndani ya dakika chache, na likishaandikwa huna haki ya kulibadilisha. Unaweza kuomba tu, na mahakama inaweza kukataa.

Kwanza, si kila shtaka lina swali hilo. England na Wales makosa yamegawanywa mafungu matatu. Kuna madogo yasiyotoka kwa mahakimu, kama kumpiga mtu bila kumuumiza sana, kuendesha gari ukiwa umelewa, au kuharibu mali isiyozidi pauni 5,000. Kuna makubwa yanayokwenda Crown Court moja kwa moja: kuua, kubaka, unyang'anyi. Katikati ndipo penye makosa ya njia mbili: wizi, ulaghai, kumpiga mtu na kumjeruhi (wanaita kifungu cha 47), kuvunja nyumba na kuiba, dawa za kulevya. Uzi huu ni wa hayo ya katikati. Wizi wa dukani usiozidi pauni 200 uliingizwa kwenye kundi la makosa madogo mwaka 2014, lakini mtu mzima bado ana haki ya kudai juri, na wengi hawaambiwi hilo.

Scotland msiichanganye humu. Kule anayeamua ni mwendesha mashtaka, mshtakiwa haulizwi, na juri yao ina watu 15.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Unasomewa shtaka, kisha unaulizwa unaelekea kukiri au kukana. Ukikiri, habari ya juri imeishia hapo. Mahakimu watakupa adhabu au watakupeleka Crown Court ukaadhibiwe huko. Ukikana, au ukikataa kusema chochote (kukaa kimya kunahesabiwa kuwa umekana), mahakimu wanasikiliza pande zote mbili na kujiuliza: tukimtia hatiani, adhabu yetu itatosha? Tangu 18 Novemba 2024 uwezo wao ni kifungo cha miezi 12 kwa kosa moja la njia mbili. Wakiona haitoshi, wanakupeleka Crown Court bila kukuuliza. Wakiona inatosha, hapo ndipo unaulizwa wewe. Ukisema nataka juri, hawana uwezo wa kukukatalia.

Sasa msimamo wangu, na ndio sababu ya uzi huu. Swali la juri ni la pili. La kwanza ni unakiri au unakana, na wanaoyachanganya ndio wanaoumia. Anayekiri siku ya kwanza anapunguziwa theluthi moja ya adhabu. Akisubiri mpaka kikao cha kwanza cha Crown Court, kwa kawaida anapunguziwa robo. Punguzo linazidi kushuka, na akikiri siku ya kesi yenyewe anapata sehemu moja ya kumi tu. Mtu anayejua alifanya, ushahidi wa kamera upo, halafu anachagua juri ili avute muda, ameuza theluthi yake bure.

Tuchukue mfano tutakaoutumia uzi mzima: mhudumu wa nyumba ya kulelea wazee anatuhumiwa kutoa pauni 1,000 kwa kadi ya benki ya mzee anayemhudumia. Kwa mwongozo wa adhabu za wizi, kuvunja uaminifu wa kiwango cha juu pamoja na kiasi hicho kunaanzia kifungo cha mwaka mmoja, na kunaweza kucheza kati ya wiki 26 na miaka miwili. Akikiri siku ya kwanza, mwaka unakuwa miezi 8. Akikiri kikao cha kwanza cha Crown Court, miezi 9. Akikiri asubuhi ya kesi, karibu miezi 11. Akitiwa hatiani baada ya kukana, 12 kamili. Shikeni hiyo 12, kuna mtu atakuja kuieleza.

#2 Nyali77

Asante mkuu kwa uzi. Ila mtaani kila mtu anasema juri inaachia watu kirahisi kuliko mahakimu, kwa hiyo kama unakana chagua juri tu, basi. Ni kweli?

#3 Kizimba_Namba2

Nyali77, hapana, si kanuni ya kutembea nayo. Utafiti wa Profesa Cheryl Thomas uliochapishwa 2010 ulionyesha juri zinatia hatiani mara nyingi kuliko kuachia: kati ya mashtaka yaliyofika juri ikakaa na kutoa uamuzi, asilimia 64 yaliishia hatiani. Na kesi za mahakama hizi mbili hazifanani, kwa hiyo kulinganisha asilimia zake hakukwambii kesi yako itakwendaje.

Swali la kuuliza ni hili: ubishi wa kesi yako uko wapi?

Kama ubishi ni kuaminiwa, juri ina maana. Chukua mfano wa mkuu hapo juu. Mhudumu anakubali kadi aliitumia, lakini anasema mzee mwenyewe alimtuma na pesa alimkabidhi mkononi. Hapo hakuna ubishi kuhusu mashine ya benki wala kamera. Kinachobaki ni kama alikuwa na nia ya udanganyifu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Ivey mwaka 2017, iliyothibitishwa kwa makosa ya jinai katika kesi ya Barton mwaka 2020, kipimo ni hiki: unaangalia kwanza mshtakiwa alijua na kuamini nini, kisha unauliza kama watu wa kawaida waungwana wangeona alichofanya si uaminifu. Kipimo cha watu wa kawaida kinapimwa vizuri na watu wa kawaida 12 ambao hawajawahi kusikia utetezi wa aina hiyo. Hakimu anayekaa kila wiki ameusikia mara nyingi, na hata akiwa mwadilifu kabisa masikio yake si mapya.

Sababu ya pili ni nzito zaidi na haizungumzwi vya kutosha: ushahidi usiotakiwa kusikika. Tuseme polisi walimhoji mhudumu bila mkalimani, akasema maneno yanayomwumiza. Wakili anaweza kuomba mahojiano hayo yaondolewe kwa kifungu cha 78 cha sheria ya polisi na ushahidi ya 1984. Crown Court ombi hilo anasikiliza jaji peke yake, juri ikiwa nje. Likikubaliwa, wanajuri hawajui kamwe kama maneno hayo yaliwahi kuwepo. Kwa mahakimu, wanaoamua kama ushahidi uondolewe mara nyingi ndio hao hao watakaoamua hatia. Wanausikia, wanautoa, kisha wanatakiwa wajifanye hawakuusikia. Kesi yako ikitegemea kuondoa kipande kimoja cha ushahidi, hii peke yake inaweza kutosha kuchagua juri.

Upande wa pili, mahakimu wanafaa pale ubishi ni mdogo na wa kiufundi: utambulisho kwa kamera yenye giza, hati iliyokosewa, shahidi mmoja ambaye huenda asitokee. Wanafaa pia pale ambapo hata ukitiwa hatiani adhabu ni faini au kazi za kijamii. Kubeba kesi ya faini mpaka Crown Court ni gharama na muda visivyo na uwiano na shtaka.

Na mjue "mahakimu" ni nani. Mara nyingi ni raia watatu wa kujitolea, si wanasheria, wakiwa na mshauri wa sheria pembeni. Mara nyingine ni jaji wa wilaya mmoja, mwanasheria kamili, anaamua peke yake. Huchagui upate yupi.

#4 Bukavu_Leeds

Jambo bakubwa. Niko na swali. Hiyo juri inachaguliwaka namna gani? Kwa televisheni tunaona Marekani mawakili wanauliza watu maswali mbele ya kuwakubali. Kama wote 12 ni wazungu, mtu anaweza kuwakataa?

#5 Kizimba_Namba2

Ndugu yangu, ya Marekani yaache Marekani. Uingereza wanajuri wanatolewa kwa bahati nasibu kwenye daftari la wapiga kura, umri miaka 18 mpaka 75, na lazima wawe wameishi nchini angalau miaka 5 tangu walipofikisha miaka 13. Siku ya kesi kundi linaingia, karani anavuta majina 12, wanaapishwa mmoja mmoja. Mawakili hawawahoji. Haki ya kumkataa mtu bila kutoa sababu ilifutwa na sheria ya mwaka 1988. Unaweza kupinga kwa sababu tu, kwa mfano mwanajuri anamfahamu shahidi au alifanya kazi kwenye nyumba hiyo hiyo ya wazee. Rangi yao si sababu inayokubalika.

Hofu yako ina msingi wa kuulizwa, na imechunguzwa. Utafiti ule wa Thomas haukukuta juri za wazungu watupu zikiwaonea washtakiwa weusi au wa Asia, na ripoti ya mbunge David Lammy ya 2017, kuhusu rangi na mahakama za jinai, ilifikia mahali hapo hapo: juri ni hatua ambayo haikuonyesha upendeleo wa rangi. Ripoti hiyo ilikuta tatizo mahali pengine, na linatuhusu sana. Washtakiwa weusi na wa makabila madogo walikuwa wepesi zaidi wa kukana na wa kuchagua Crown Court kwa sababu hawaiamini mahakama wala wakili wa zamu, kisha wanapoteza punguzo la kukiri na kuishia na vifungo virefu. Ndilo lile alilolisema mwenye uzi kwenye #1.

Jambo moja zaidi kwa waliokulia Tanzania na Kenya. Juri si wazee wa baraza. Wazee wa baraza walitoa maoni tu na jaji hakufungwa nayo. Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Juri ya Uingereza ndiyo inayoamua hatia. Jaji anawaeleza sheria na kuwakumbusha ushahidi, lakini hawezi kuwalazimisha wamtie mtu hatiani. Wakisema hana hatia, mtu anashuka kizimbani na kwenda nyumbani.

Kwanza wanatakiwa kuafikiana wote. Baada ya angalau saa 2 na dakika 10 za majadiliano, jaji anaweza kuwaruhusu kutoa uamuzi wa wengi, yaani 11 kwa 1 au 10 kwa 2. Wasipofika hapo wanavunjwa, na mwendesha mashtaka kwa kawaida anaweza kuomba kesi irudiwe mbele ya juri nyingine. Kwa hiyo juri kugawanyika si ushindi, ni kusubiri upya.

#6 Hesabu_za_Kesi

Naomba niingie kwenye pesa maana hapa ndipo watu wanapojikwaa.

Msaada wa kisheria wa serikali una vipimo tofauti kwa mahakama hizi mbili. Kwa mahakimu, viwango vilivyotumika kwa zaidi ya miaka 10 vinasema kaya ikiwa na mapato ya mwaka zaidi ya pauni 22,325, baada ya kurekebishwa kwa idadi ya wategemezi, hupati kitu. Mhudumu wa wazee anayefanya zamu za ziada anavuka hapo kirahisi, hasa mwenzi wake naye akiwa kazini, maana mapato ya mwenzi yanahesabiwa. Crown Court mlango ni mpana: unakataliwa tu kama kipato kinachobaki baada ya kodi, nyumba na gharama za kuishi kinafika pauni 37,500 kwa mwaka. Ndiyo maana wapo watu ambao kwa mahakimu wangelipa wakili wenyewe, lakini wakichagua juri wanapata wakili wa serikali.

Lakini si bure kwa kila mtu. Kama kipato kinachobaki kinazidi pauni 3,398 kwa mwaka, unachangia asilimia 90 ya kinachobaki kila mwezi kwa miezi 6. Ukilipa kwa wakati, mwezi wa sita unasamehewa. Ukiachiwa, unarudishiwa ulichochangia pamoja na riba. Ukitiwa hatiani na una mali ya zaidi ya pauni 30,000, pamoja na thamani yako ndani ya nyumba, unaweza kudaiwa zaidi.

Mtego mkubwa uko hapa, na nauandika kwa msisitizo: hata kama unajua utakataliwa, JAZA FOMU ya msaada wa kisheria kabla ya kulipa wakili binafsi Crown Court. Ukiachiwa, unaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za wakili ikiwa tu uliomba na ukakataliwa kwa sababu ya kipato. Usipoomba, hata ukishinda kesi pesa yote imekwenda. Na kinachorudishwa ni kwa viwango vya serikali, vilivyo chini sana ya bei ya wakili binafsi.

Ukitiwa hatiani utadaiwa pia gharama za upande wa mashtaka. Kwa kesi ya juri ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa mahakimu, kwa sababu kesi ni ndefu na maandalizi ni mengi.

#7 Nyali77

Kumbe. Sasa wakili wa zamu, yule wa bure pale mahakamani, hatoshi kumsaidia mtu kuamua?

#8 Hesabu_za_Kesi

Anatosha kukuzuia usiharibu. Ni wa bure siku ya kwanza kwa kosa lenye kifungo, bila kujali kipato. Lakini ana watu wengi asubuhi moja na faili lako analiona siku hiyo hiyo. Wakili wako mwenyewe anaweza kudai muhtasari wa ushahidi wa mwendesha mashtaka kabla ya kikao, akausoma, akakaa nawe saa nzima. Ukipata barua ya wito, tafuta ofisi yenye mkataba wa msaada wa kisheria wiki hiyo hiyo. Usisubiri tarehe.

#9 Viza_na_Mpaka

Mwenye uzi aliacha miezi 12 njiani. Mimi nashughulika na upande wa uhamiaji, kwa hiyo nitaieleza.

Kwa sheria ya mipaka ya Uingereza ya 2007, asiye raia akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi kwa kosa moja, waziri anatakiwa kumfukuza nchini, isipokuwa aingie kwenye vighairi vichache kama haki za binadamu au ukimbizi. Adhabu inayohesabiwa ni ile iliyotangazwa mwisho, baada ya punguzo. Vifungo viwili vya miezi 6 vilivyopangwa kufuatana havijumlishwi kuwa 12 kwa sheria hiyo. Aliyekwisha kuwa raia haguswi na kifungu hiki, lakini mwenye viza ya kazi, au hata ukazi wa kudumu, anaguswa.

Rudini kwenye mfano. Miezi 8, 9, au karibu 11: yote yako chini ya mstari. Miezi 12 kamili iko juu yake. Kwa raia, tofauti ya 11 na 12 ni wiki chache. Kwa ndugu yetu mwenye viza ni nchi.

Zamani watu waliambiwa "kaa kwa mahakimu, hawawezi kukufikisha 12". Ushauri huo umekufa. Uwezo wa mahakimu ulipandishwa kutoka miezi 6 hadi 12 Mei 2022, ukarudishwa 6 Machi 2023, ukapandishwa tena Novemba 2024. Leo mahakimu wanaweza kukufikisha kwenye mstari wenyewe. Na kuna jambo wengi hawalijui: ukikubali kesi isikilizwe kwa mahakimu, wakikutia hatiani, bado wanaweza kukupeleka Crown Court kwa adhabu wakiona miezi 12 haitoshi. Mshauri wa sheria analisema hilo kabla hujajibu, lakini linasemwa haraka na kwa Kiingereza cha mahakama.

Chini ya miezi 12 usidhani umepona. Viza inaweza kukataliwa au kufutwa kwa uamuzi wa ofisi ya uhamiaji, na mwajiri wa nyumba ya wazee ana ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi za jinai, ambao haujali kifungo kilikuwa cha miezi mingapi. Kwa hiyo kwa asiye raia, wakili wa jinai peke yake hatoshi. Tafuta wa uhamiaji asome faili kabla ya siku ya kwanza, maana sheria hizi zinabadilika mara kwa mara, pamoja na upande wa vifungo vilivyosimamishwa.

#10 Mzizima_Sheria

Mkuu wa #9 umemaliza. Niongeze zana moja inayosahaulika. Baada ya mahakimu kusema wanaikubali kesi, na kabla hujaamua, una haki ya kuwauliza: nikikiri sasa hivi hapa, adhabu itakuwa ya kifungo au isiyo ya kifungo? Si lazima wajibu. Wakijibu "isiyo ya kifungo" nawe ukakiri, jibu hilo linawafunga kwa kiasi kikubwa. Kwa mtu ambaye kweli alifanya na hofu yake ni jela, dakika hiyo moja ina thamani kubwa. Crown Court kuna ombi linalofanana nalo, linaitwa Goodyear kwa jina la kesi ya 2005: jaji anakwambia adhabu haitazidi kiasi gani ukikiri siku hiyo.

#11 Kipepeo_Slough

Na muda je? Nasikia watu wanasubiri miaka.

#12 Kizimba_Namba2

Ni kweli. Mwisho wa 2019 kesi zilizokuwa zikisubiri Crown Court zilikuwa karibu 38,000. Mwaka 2025 zilivuka 75,000. Kesi ya njia mbili, mshtakiwa akiwa nje kwa dhamana, inawekwa nyuma ya foleni kwa sababu walio rumande wanatangulizwa. Kusubiri mwaka mmoja, miwili, hata zaidi si ajabu. Kwa mahakimu mara nyingi ni miezi.

Wengine wanaona huo ni utetezi: mashahidi watasahau, mlalamikaji atachoka. Wakati mwingine inatokea. Lakini shahidi wako naye anasahau, anahama, anafariki. Katika mfano wetu, mzee mwenyewe ndiye angeweza kusema "nilimtuma mimi". Ana miaka 88. Ukisubiri miaka miwili unaweza kumpoteza shahidi pekee anayekuokoa, na taarifa ya polisi iliyoandikwa bila maneno hayo ikabaki kusomwa peke yake. Kama utetezi wako unasimama juu ya mtu mzee au mgonjwa, mwambie wakili siku ya kwanza kabisa amchukulie maelezo kwa maandishi.

Muda wote huo masharti ya dhamana yanakubana: usikanyage mahali pa kazi, usiongee na fulani, lala anwani fulani, pengine pasi ya kusafiria iko polisi. Mwajiri anaweza kukusimamisha. Viza ikiisha katikati, maombi mapya yanakaa juu ya shtaka ambalo halijaamuliwa. Aliye rumande ana kikomo cha siku 182 Crown Court tangu kesi ipelekwe huko, na 56 kwa mahakimu, ingawa mahakama inaweza kuongeza.

Crown Court ina kazi zaidi pia. Upande wa mashtaka ukishakabidhi ushahidi usiotumika (ule waliokusanya lakini hawautumii kwenye kesi yao), una siku 28 kutoa maelezo rasmi ya utetezi: unakana nini, kwa nini, mashahidi wako ni nani. Ukichelewa, au ukibadilisha hadithi baadaye, juri inaweza kuambiwa ihesabu hilo dhidi yako. Kwa mahakimu maelezo hayo ni ya hiari.

#13 Mkalimani_Pwani

Kuhusu lugha. Mkalimani mahakamani ni wa bure, lakini aombwe mapema na itajwe ni Kiswahili gani. Anayezungumza Kiswahili cha Bukavu akiletewa mkalimani wa Unguja ataelewa mengi na kukosa machache, na hayo machache yanaweza kuwa ndiyo kesi. Kibajuni na Chimiini viandikwe kwa majina yake. Siku ya kwanza fomu ya maandalizi ya kesi ina sehemu ya mkalimani. Hakikisha imejazwa.

Mbele ya juri, ushahidi kupitia mkalimani unachukua karibu mara mbili ya muda, na wanajuri wanamtazama mshtakiwa usoni wakati sauti wanayoielewa inatoka kwa mtu mwingine. Anayejua Kiingereza cha kazini tu asijaribu kujikaza kizimbani ili aonekane mwenyeji. Maswali ya kupinga ushahidi yana mitego ya nyakati na "si kweli kwamba". Jibu la "ndiyo" lisilo mahali pake linaharibu kesi nzima. Na kabla ya kuamua juri au mahakimu, wakili aombe sauti ya mahojiano ya polisi, si maandishi tu, na mtu anayejua lahaja yako aisikilize. Kosa la tafsiri likipatikana pale, linarudi kwenye hoja ya kifungu cha 78 iliyoelezwa #3, na linaweza kugeuza uchaguzi wako.

#14 Kipepeo_Slough

Swali la mwisho kwangu. Ukichagua mahakimu ukashindwa, unaweza kukata rufaa ukaanza upya? Maana hapo ingekuwa nafasi mbili.

#15 Mzizima_Sheria

Ndiyo, na ni hoja ya nguvu ya kukaa kwa mahakimu. Rufaa ya kutoka kwa mahakimu kwenda Crown Court huombi ruhusa. Unapeleka notisi ndani ya siku 15 za kazi tangu adhabu, na kesi inasikilizwa upya yote: mashahidi wanarudi, jaji anakaa na mahakimu wawili, juri haipo. Umeshaona ushahidi wao mara moja, unajua shahidi gani aliyumba. Hatari yake ni kwamba ukishindwa adhabu inaweza kuongezwa, mpaka ukomo wa mahakimu, na gharama zinaongezeka.

Ukitiwa hatiani na juri, mlango ni mwembamba. Rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani, ndani ya siku 28, kwa ruhusa, na lazima uonyeshe hukumu si salama, kwa kawaida kwa sababu jaji alikosea kuelekeza sheria au kuruhusu ushahidi. "Juri haikuniamini" si sababu ya rufaa. Juri haitoi sababu zake, na kilichosemwa ndani ya chumba chao ni siri kwa sheria.

Kuhusu mabadiliko: Desemba 2025 serikali, kupitia David Lammy yule yule wa ripoti ya 2017, wakati huo akiwa waziri wa sheria, ilitangaza mpango wa kuondoa juri kwa kesi zinazotarajiwa kuishia kifungo cha miaka 3 au chini, zisikilizwe na jaji peke yake. Maana yake haki ya mshtakiwa kuchagua juri ndiyo inayolengwa. Kwa hiyo anayesoma uzi huu akiwa na barua ya wito mkononi amuulize wakili swali hili kwanza: kwa tarehe ya kesi yangu, haki ya kuchagua ipo?

#16 Nyali77

Mkuu, basi kwa yule mhudumu wa mfano, ungemwambia nini?

#17 Mzizima_Sheria

Kama alichukua: akiri siku ya kwanza, aombe mahakimu waseme kama ni kifungo au la, na wakili wa uhamiaji awe ameshasoma faili. Juri asiiguse.

Kama alitumwa na mzee: akane, na achague juri, kwa sababu kesi yote ni kuaminiwa na kipimo ni cha watu wa kawaida. Lakini kabla ya kusema "Crown Court" awe ameshajaza fomu ya msaada wa kisheria, mzee awe ameshaandikiwa maelezo, na yeye mwenyewe awe ameambiwa wazi kwamba anaweza kukaa miaka miwili bila kazi ya kulea wazee.

Kama alitumwa, lakini mzee ameshafariki au hakumbuki, na upande wa mashtaka una taarifa ya benki na shahidi mmoja tu wa ofisini: hapo ningekaa na wakili muda mrefu zaidi. Mahakimu wana faida ya kesi ya haraka na rufaa ya kusikilizwa upya. Juri ina faida ya masikio mapya. Ningesikiliza kwanza sauti ya mahojiano ya polisi. Kama mle ndani, siku ile ile ya kwanza, alisema "alinituma", maneno hayo yatasomwa mbele ya juri kama aliyoyasema kabla hajajua ushahidi wao, na ningeelekea juri. Kama alikaa kimya kwenye mahojiano na utetezi unatokea sasa kwa mara ya kwanza, juri inaweza kuambiwa izingatie ukimya huo, hata mahakimu pia, na ningeelekea mahakimu, angalau nafasi ya pili ya rufaa ibaki wazi.